Pacha Aliyeacha Kabla ya Picha ya Mwisho

Kwenye basi, mbele yangu, fundi viatu alikaa na binti daktari anayepiga picha za ubongo wa mapacha, mmoja mnywaji, kama fundi huyu, mwenzake asiyeonja kabisa. “Daktari, nimeacha pombe. Mwezi wa pili huu.” Binti akashika kichwa. “Kabla ya picha ya mwisho? Jamani, mapacha kama ninyi nimewasaka miaka mitatu!”

“Basi nikanywe chupa mbili kwa ajili ya utafiti? Mimi si mchoyo.”

“Ole wako!” Basi zima tuligeuka. Binti wa watu alikuwa amemkamata mkono kama anayemvusha mtoto barabara.

Basi likasimama mbele ya baa. “Kwangu ni nyuma ya hapo,” fundi akasema, kicheko kimekwisha. “Wewe si unashuka hospitali?”

“Leo nashuka hapa,” akajibu, mkono hajauachia.