Kuta Nyekundu za Wanyonyi

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, ndani ya basi la Pumwani. Mwanamume mwenye tai, kakumbatia ramani ya nyumba, alimweleza mama aliyekaa naye kwamba anaitwa Wanyonyi na anachora nyumba kwa kompyuta. Hakuwa ameulizwa.

"Mama, kompyuta niliiandikia maagizo yangu mwenyewe: ukuta wa kuvunjwa uwe mwekundu, wa kubaki uwe wa bluu. Inageuza! Skrini nimeipangusa hadi na spiriti, wapi."

"Rangi unaiambia kwa majina?"

"La, kwa namba tatu: ya nyekundu, ya kijani, ya bluu."

Mama huyo, mchanganya rangi katika kiwanda cha shuka, alicheka. "Sisi tuna mikebe mitatu mezani. Shifti ya pili ilisimama upande ule mwingine wa meza, mkebe wetu wa mwisho ukawa wao wa kwanza. Wiki nzima shuka za bluu za hospitali zilitoka nyekundu. Kompyuta yako inaanza kusoma na bluu. Geuza namba."

"Siwezi! Fundi wangu Wekulo ameshazoea. Nyekundu anaacha, bluu anavunja. Nikirekebisha, ataangusha nyumba."

"Na akiugua?"

"Wekulo? Haugui." Alisema hivyo kama anayemsifu mkewe.

Basi likasimama karibu na nyumba ya kwenye ramani. Mtu mwenye nyundo, vumbi jeupe hadi kwenye kope, akamchungulia Wanyonyi dirishani akitabasamu.

"Mdosi! Wekulo ni mgonjwa, nimeshika kazi yake. Lakini usijali, kuta nyekundu zote nimeshavunja."