Marehemu Rasto Mangeni, Aliyekataa Kuzikwa Shambani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Loy, mtoto wa kwanza wa marehemu. Wasifu huu nimeuandika mara mbili. Ule wa kwanza ulikuwa umetulia. Huu mtanivumilia, kwa sababu tangu jana asubuhi moyo wangu haukai mahali pamoja.

Marehemu Mzee Rasto Mangeni alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Lunyo. Baba yake alikuwa hayati Mzee Erisa, na mama yake hayati Athieno, mzaliwa wa kijiji cha Sop Sop kule Tororo. Alikulia katika shamba lile lile mnaloliona chini ya barabara.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha akaenda sekondari mjini Tororo, akiishi kwa wajomba zake. Mwaka 1975 baba yake aliugua, naye akaacha masomo akarudi kushika jembe. Alipenda kutuambia kwamba Kiingereza chake alikisahau Tororo na hakupata nauli ya kukifuata.

Kwa miaka mingi alivusha karanga na mihogo mikavu kwa baiskeli hadi soko la Busia upande wa Kenya. Mwaka 2011 alichaguliwa kuwa diwani katika baraza la sabukaunti yetu. Wakati huo ardhi nzuri ilikuwa inakatwa vipande na kuuzwa, na stoo za wafanyabiashara zikishuka kuelekea mtoni. Marehemu hakupata usingizi kwa jambo hilo. Baada ya mikutano na matusi mengi, mwaka 2019 baraza lilipitisha sheria ndogo: juu ya barabara watu wajenge, chini ya barabara ni kulima tu. Hakuna nyumba, hakuna stoo, hakuna kaburi jipya. Hilo la kaburi aliliongeza yeye mwenyewe, kwa sababu aliona watu wakizika chini, kisha wakijenga nyumba ya kulinda kaburi. Lilimgombanisha na nusu ya ukoo, maana kwetu mwanamume huzikwa alipolala baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubomoa nyumba yake na kuhamia juu.

Mnunuzi akimjia, alimpa jembe. Ndugu Griffins, mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, anakumbuka siku alipokuja na viatu vinavyong'aa.

"Mzee, mimi nimekuja kununua shamba, sijakuja kulima," alisema.

"Sasa shamba unataka ya nini?" marehemu akamjibu. "Palilia kwanza mistari mbili, halafu tutaongea."

Griffins alipalilia mstari mmoja na nusu, akaomba maji. Shamba hakulipata, ila rafiki alimpata, na mahema haya tuliyokaa chini yake ameyaleta yeye.

Tarehe 8 Desemba 1984 marehemu alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Damalie. Walijaliwa watoto wanne. Walibishana kila siku kuhusu chumvi, na hatukuwahi kuwaona wakilala wamenuniana.

Sukari ilimwanza mwaka 2021. Mwezi uliopita miguu ilivimba, tukampeleka hospitali Tororo, na huko akaaga dunia Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, alfajiri. Siku mbili kabla alimshika mama mkono akasema, "Mimi mnizike juu. Musinishushe."

Baba mdogo Wanjala hakukubali. "Kaburi ndiyo inashika ardhi," alituambia. "Shamba haina mtu wetu mpya, kesho mwingine atasema ni yake." Simlaumu, hofu hiyo ninayo hata mimi. Lakini juzi Alhamisi, sisi tukiwa njiani na mwili, vijana wa ukoo walishuka kama desturi inavyotaka, wakaanza kuchimba kando ya babu. Walikuwa wamefika kiunoni mama aliposhuka kwenye gari, akaenda moja kwa moja hadi ukingoni.

"Mutokeni," akawaambia. "Yeye amesema juu, ni juu."

Walitoka, wakafukia. Hata hivyo, jana asubuhi watu wawili tusiowajua walikuja na pikipiki wakaupiga picha ule udongo mbichi. Alhamisi ijayo baraza linakaa kuamua kama sheria hii itaendelea au itafutwa. Naogopa, na siwezi kuficha. Naogopa picha hiyo itawekwa mezani na kusemwa kwamba hata Mangeni mwenyewe amezikwa chini.

Kwa hiyo nawaomba mlio hapa mtazame kwa macho yenu. Jeneza litashuka kwenye kaburi lililo hapa juu, nyuma ya nyumba yake. Kule chini hakuna mtu. Tukimaliza kuzika, vijana wale wale watapanda mihogo pale walipochimba, na baba mdogo amekubali kushika jembe la kwanza. Na Alhamisi, yeyote aliyetazama leo aje barazani aseme alichokiona. Picha tunaweza kushindwa kuijibu. Watu wote hawa hawawezi kukanushwa.

Marehemu ameacha mjane, Damalie, watoto Loy, Vincent, Barbara na Allan, wajukuu saba, na ndugu yake Wanjala.

Pumzika kwa amani, baba. Sisi tutalala macho.