Historia ya Fundi Barafu na Mwamba wa Jangwani

Ndugu, jamaa na marafiki mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, familia imempa mdogo wake marehemu, wa mwisho kuzaliwa, kazi ya kuwasomea historia hii, na inaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa kuwa inasomwa kama marehemu mwenyewe alivyotaka.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Barafu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi taa na muuza mkaa, akasoma shule ya msingi ya pale pale relini, alikofaulu hesabu na kufukuzwa kwaya, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akatoka mwaka 1980 na cheti cha majokofu na viyoyozi. Aliajiriwa katika ghala la nyama hadi mwaka 1987, alipofungua karakana yake nyuma ya duka la betri, akasifiwa kwa mkono wake na kuogopwa kwa mdomo wake, maana hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kufungua friji kabla salamu hazijaisha, na kumtangazia mwenye nyumba kwamba mpira wa mlango umekwisha. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Katika miaka hiyo, marehemu na marafiki zake wawili, dereva wa lori na mpaka rangi wa maghorofa, walikuwa wakisafiri kila Agosti kwenda jangwani kwa gari la dereva, wakitembea kwa miguu, wakilala kwenye hema na kupanda miamba kwa kamba, na desturi yao ilikuwa kwamba wa kwanza kufika juu hufunga kitambaa chekundu, na wa pili hukifuata na kukirudisha chini.

Agosti 1993 zamu ya kwanza ilikuwa ya kaka yetu. Alipofika mahali ambapo mwamba unajipinda na walio chini hawamwoni, hofu ilimshika, akakaa pale akishindwa kwenda juu, kisha akatia kitambaa mfukoni, akashuka na kuwaambia wenzake kwamba amekifunga. Mpaka rangi alipanda, akafika kileleni kweli, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutilia shaka neno la rafiki yake, alidhani upepo umekipeperusha, akajifungua kamba ili akitafute ukingoni, akateleza, akavunjika nyonga. Kaka yetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia, na ilipohitajika nguo ya kumfunga jeraha alichana shati lake mwenyewe, dereva akamsifu kwa utu, na kitambaa kilikuwa bado mfukoni mwake.

Mpaka rangi hakupanda tena jukwaa la ujenzi, akaishia kuuza rangi dukani, akitembea kwa fimbo na kumwambia kila aliyeuliza kwamba uzembe ulikuwa wake, na kaka yetu alimwacha aseme hivyo. Yeye mwenyewe hakurudi jangwani, akisingizia mgongo, na friji ya rafiki yake aliitengeneza mara nyingi kuliko ilivyoharibika.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, na alipolazwa kwa mara ya mwisho, rafiki huyo alikuja kila jioni kumnyoa ndevu na kumtania, naye shemeji yetu alikuwa akitoka chumbani makusudi ili wawili hao wazungumze, lakini kila aliporudi alimkuta mumewe ameugeukia ukuta. Hatimaye alimweleza mkewe haya yote, akaomba yasomwe mbele yenu, kwa kuwa aibu ilimfunga mdomo. Tulibishana sana, mwanawe akitaka baba azikwe na siri yake, mama yake akisema aliyeumizwa ana haki ya kujua, nasi tunaona aibu, kwa alilofanya, na zaidi kwa kuchagua kulisema siku ambayo hawezi kuulizwa. Alifariki dunia tarehe 6 Juni mwaka huu, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti na maturubai, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo.

Nawe mpaka rangi, baba mdogo wa watoto wetu, ulipangwa kushika jeneza upande wa mbele, na ulipangwa kabla hujasikia haya. Ukinyanyuka, tutashukuru. Ukibaki hapo ulipokaa, watoto wake wamekubaliana kwamba hakuna wa kukulaumu, na nafasi yako hatapewa mtu mwingine.

Kaka, umeshasemewa. Pumzika.