Klementi Sovala Bado Hajazikwa

Kitendawili! Mgeni alikipanda, hakurudi kuvuna. Hakinywi maji, hakina mizizi, na kila mvua kubwa chajitokeza.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mnanipa Auki? Haya, Auki nimekwenda, nimekula samaki wao nikashiba, nimerudi. Jibu ni bomu. Bomu la vita vya enzi za wazee wetu, Wajapani na Wamarekani walipopigana visiwani Solomoni, lililolala chini ya mihogo yetu hapa Honiara.

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Bibi Melva, na leo namkumbuka Klementi Sovala. Klementi wa mlimani, ng'ambo ya mto Mataniko. Alifariki Jumanne. Narudia: alifariki Jumanne, leo ni Ijumaa, na hajazikwa.

Wengi mlimjua kwa vyuma vyake. Kofia za askari, chupa zao, bawa la ndege lililofunikwa na mitambaazi. Meli ya watalii ikitia nanga, yeye ndiye aliyewapandisha mlima. Wala hakuwachekea. Mama mmoja mgeni alisimama akitazama kasuku weupe mitini, akasema, "Kwenu ni peponi!" Klementi, akitafuna popoo, akatema mate mekundu karibu na viatu vyake. "Peponi penye kutu, mama. Angalia unapokanyaga."

Wageni walicheka. Sisi hatukucheka. Alitutukana sokoni, akatutukana mlangoni mwa kanisa. Mimi aliniita kopo tupu linalopigwa redioni. Mtaniambia, Bibi, marehemu hasemwi vibaya. Huyu nitamsema, kisha na Mungu tutazungumza.

Miaka kumi na tisa iliyopita dada yake Filista alikuwa anamwoza binti yake. Dada wa tumbo moja, hana mwingine. Wanaume wakachimba shimo la motu nyuma ya jiko, wakawasha kuni, wakapanga mawe ya kuokea nguruwe na viazi. Bonifasi, mume wa Filista, akainama kugeuza mawe. Ardhi ikalipuka. Bonifasi akafa pale pale, jani la mgomba mkononi.

Klementi alishuka mbio, amewaacha wageni wake huko juu. Mnajua kwetu kaka na dada hawasemezani hovyo. Neno hupitia kwa mtu wa tatu. Siku ile Filista hakutafuta wa tatu. Alimkazia macho.

"Kaka, ulijua?"

"Kisiwa kizima kina mabomu."

Basi. Akageuka, akapanda mlima. Hakuleta nguruwe wa fidia, hakuleta shanga za chaza, hakukaa chini kuomba radhi. Tangu hapo kila aliyemsogelea alikula matusi.

Sasa sikilizeni vizuri. Ardhi ya mlimani hupita kwa mama, na mwenye neno ni Filista. Watoto wa Klementi ni watu wa kisiwa cha Isabeli, kwa mama yao. Hapa hawana hata pa kumlaza baba. Tangu Jumanne wanamuuliza Filista: alazwe kwa mama yenu, kando ya kaburi lake? Tangu Jumanne Filista amenyamaza. Akikataa, Klementi atazikwa makaburi ya mji, kati ya watu asiowajua. Kwetu huko ni kufukuzwa ukoo.

Jana Loisi, binti wa Klementi, aliniletea tangazo la kifo nilisome hapa redioni. "Baba mpole, mpendwa wa wote." Nikamrudishia.

"Mjukuu wangu, mpole yupi? Nikisoma hili, kuku watacheka."

"Bibi, kazi yako kusoma, siyo kuhukumu!"

"Kaa chini. Shangazi yako anangoja neno moja miaka kumi na tisa. Unalo, hunalo?"

Alilia weee. Kisha akaandika upya. Nililisoma leo asubuhi, na sasa nalirudia kama lilivyo:

"Shangazi, baba alijua. Alikuwa akitoa baruti kwenye mabomu ya vita alipulie samaki. Polisi walipopita mlimani, alifukia moja nyuma ya jiko lako. Siku ya harusi alijua mnapika motu. Alidhani mtachimba upande wa mto, kama siku zote. Hakuuliza. Alituambia Jumapili, amegeukia ukuta."

Wasikilizaji wapendwa, ndivyo alivyokuwa Klementi Sovala. Aliwaonya wageni wapi wakanyage, dada yake hakumwonya.

Poleni, watoto wa Klementi. Pole, Filista, pole yako imechelewa mno. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu ulifukia uani kwa mwenzako, nenda kakiseme leo, kabla hajawasha moto.

Ngojeni. Mlango wa studio umefunguliwa. Filista mwenyewe ameingia, mwavuli wake unachuruzika. Ameketi mbele yangu. Loisi, niliyekaa naye hapa tangu asubuhi, amejibana pembeni, hathubutu kuinua uso.

"Karibu, mdogo wangu. Umesikia?"

"Nimesikia asubuhi, dukani. Mji mzima umesikia."

"Tukupe maji?"

"Sikuja kunywa."

"Shangazi..."

"Wewe nyamaza. Umesema yako, umesema vizuri."

"Basi, Filista, nakuuliza mbele ya kisiwa kizima. Klementi alazwe kwa mama yenu?"

Ananitazama. Anaitazama maikrofoni kana kwamba ni nyoka.

"Alazwe. Bonifasi amezikwa upande huu wa mama. Klementi mwekeni upande ule. Mama akae katikati yao. Na machozi yangu msiyasubiri."