Somo la Ijumaa

Mshonaji alikuwa amefumba macho ndani ya treni, lakini sikio halina pazia. Mbele yake mama mmoja alikuwa akimsimulia bibi asiyemjua habari za binti yake, anayesoma shule ya wasichana ya masista. Jumatatu wana kwaya, Jumatano netiboli, na kwenye Misa ya Ijumaa hii, mbele ya wazazi wote, binti huyo ndiye atakayesoma somo.

“Ana kigugumizi,” mama alisema. “Nakwenda kumwomba sista ampe mwingine.”

“Kwani alilazimishwa?”

“Alinyoosha mkono mwenyewe.”

“Basi mwache, mwanangu.”

“Watamcheka, bibi.”

“Huenda. Lakini ukimwondoa, atajua wewe ndiye uliyemwonea haya kwanza.”

“Akirudi analia, si wewe utakayembembeleza,” mama akasema, bila ukali.

Mshonaji, aliyezoea kupima watu mabega na viuno, alishindwa kupima nani ana haki.

Treni ilisimama. Mama akaaga kwa heshima, akashuka. Kupitia dirishani mshonaji alimwona amefika kwenye lango la shule, hatua chache kutoka stesheni, kidole kikiwa juu ya kengele, hajaibonyeza. Treni ikaondoka.