Mama Mwanasesere Anafunga Mkoba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mkaguzi wetu Mkuu wa mafunzo endelevu anastaafu. Wahudumu wa afya wa nchi tisa wanamfahamu kwa jina la Mama Mwanasesere. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa, kwa maneno ya kamati, hakuna mtu hapa ofisini aliyefelishwa naye mara nyingi kama mimi.

Alianza kazi kama mkunga wa zamu. Alipohamia kwetu, ukaguzi ulikuwa kazi ya kukaa kitini: unahesabu sahihi za mahudhurio, unasoma fomu za maoni, unagonga muhuri, na wauguzi wanapata alama za kuhuisha leseni katika nchi zote tisa. Yeye akaja na lake. Miezi sita baada ya mafunzo aliingia wodini bila taarifa, akalaza mwanasesere mezani, akatazama saa na kutangaza kwamba mtoto huyu hapumui. Mwanasesere alisafiri mkobani, amefungwa taulo. Maofisa wa forodha waliowahi kumweka kando ili wamkague waliondoka wakijua kumpa mtoto pumzi.

Kozi yangu ya kuokoa watoto wachanga ilikuwa na slaidi mia moja na kumi na mbili, na fomu zote ziliandikwa “bora sana”. Nilijiona nimefika. Alipokwenda kuwapima wakunga kumi na wanane niliowafundisha, wanne tu walimpulizia mwanasesere hewa ndani ya dakika moja. Waliobaki walikumbuka vichekesho vyangu. Akafuta alama za kozi.

Nilimwendea nimefura, nikidai wanafunzi ndio wazembe. Hakubishana. Alimlaza mwanasesere mbele yangu, akatazama saa. Mganga hajigangi, lakini mimi hata mwanasesere alinishinda: barakoa ya kumpulizia hewa niliiweka juu chini, kisha nikaomba kompyuta nitazame slaidi ya arobaini.

“Dakika tatu, mdogo wangu,” alisema. “Huyu angekuwa mtoto wa mtu.”

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikatupa slaidi mia moja, nikawapa watu wanasesere washike kwa mikono yao. Kozi ilifeli mara mbili zaidi. Mara ya tatu, wakunga kumi na saba kati ya kumi na wanane walifaulu. Mbali na yule mmoja, aliyebaki bila kufaulu ni mwalimu wao. Kwa miaka minne, kila nilipouona ule mkoba, nilikumbuka nina simu ya haraka ya kupiga.

Jumatatu alinikamata kwenye ngazi. Safari hii kifua cha mwanasesere kiliinuka katika sekunde hamsini na mbili, na sioni haya kusema nililia. Aliandika kwenye fomu: “Amefaulu. Akaguliwe tena bila taarifa baada ya miezi sita.” Nilimkumbusha kwamba wakati huo atakuwa amestaafu. Alimfunga mwanasesere taulo, akaondoka naye.

Asante sana, dada, kwa niaba ya watoto wanaopumua leo bila kukujua. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiochoka kukutembelea. Desemba mlango wangu utakuwa wazi, nami nitakuwa nimefanya mazoezi.