Mkaguzi Amenisemea

Mbele yangu kwenye basi alikaa mama mshonaji, futi ya kupimia bado shingoni, akicheka peke yake. Mwalimu mmoja mzee aliyeketi kando yake akashindwa kuvumilia, akamuuliza kulikoni.

"Gari la shemeji limeshindwa ukaguzi!" akasema, kama mtu anayetangaza harusi. "Alitaka kutuuzia. Mume wangu alikubali hata kabla ya kuliona, maana kaka ni kaka. Mimi nikasema tu, bila ukaguzi hatuwezi kubadilisha jina kwenye kadi. Mkaguzi akaingia chini, akachokonoa kwa bisibisi pale palipopakwa rangi mpya. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Chasisi yote kutu!"

"Gari la ndugu halikaguliwi, mama," mwalimu akasema. "Ni aibu. Mnakaa chini, mnaambiana ukweli."

"Nimwambie shemeji ukweli, mwalimu? Nyumba ingekalika? Sasa kamnunia mkaguzi, mimi kanisalimia vizuri tu."

"Undugu ni kufaana," mwalimu akakazia, kwa sauti ya kufikia dawati la nyuma.

"Chasisi ikikatika barabarani tutazikwa pamoja. Huo nao ni undugu?"

Mwalimu akageuka kutazama barabara. Walimu huita hali hiyo kutafakari. Basi liliposimama akashuka, akatembea hatua tatu, akarudi kugonga dirisha.

"Mama, huyo mkaguzi anapatikana wapi? Jumamosi mdogo wangu ananiletea gari lake."